Kufichua Ghushi Katika Mafuta ya Kula: Kutoka Mkono wa Muhtasib Hadi Miale ya Infraredi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyeamrisha uadilifu katika vipimo na mizani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, miongoni mwa bidhaa za sokoni, mafuta ya kula ni katika zile zinazomtia mnunuzi mtihanini zaidi. Mchele ukiwa na mawe, jicho litayaona. Nyama ikiharibika, pua itajua. Lakini mafuta yakitiwa ndani ya mafuta mengine huwa kitu kimoja: rangi moja, mng'aro mmoja na mara nyingi harufu moja. Aliyechanganya anajua, na Mola wake anajua, lakini mlaji hajui.

Siku hizi wataalamu wanatumia miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi, kulifichua jambo hili kwa muda wa dakika chache. Katika makala haya tutaangalia mambo mawili. Kwanza, ni njia gani Waislamu waliotutangulia walizitumia kufichua ghushi katika mafuta. Pili, chombo hiki kipya kina nafasi gani mbele ya sharia, na kwa nini chombo peke yake, hata kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kuulinda umma.

Mkono ndani ya lundo

Msingi wa mlango huu ni hadithi mashuhuri ya Abu Huraira (r.a.) iliyopokewa na Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, yule bwana alieleza kuwa nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake.

Tukiizingatia hadithi hii tunapata mafunzo matatu. La kwanza, Mtume (s.a.w.) hakutosheka na sura ya nje ya bidhaa, aliikagua ndani. La pili, baada ya kukuta dalili hakukimbilia kuhukumu, bali alimuuliza mhusika, naye akajieleza. La tatu, kosa halikuwa mvua kunyesha. Kosa lilikuwa kuficha. Kwa hiyo mwenye kuuza mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na ya alizeti, akalisema hilo waziwazi na akaweka bei inayolingana, hana lawama. Mwenye lawama ni yule anayeuza mchanganyiko kwa jina la kitu safi.

Muhtasib na hila za wauza mafuta

Dola ya Kiislamu ilipopanuka, kazi ile ya kuingiza mkono ndani ya lundo ilikabidhiwa mtu maalumu aliyeitwa muhtasib. Imam al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia) ameieleza kazi ya hisba kwa kirefu katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya. Jambo moja katika maelezo yake linatuhusu sana hapa. Kadhi husubiri mlalamikaji afike mbele yake, lakini muhtasib hutoka mwenyewe kwenda sokoni na kukagua ghushi hata kama hakuna aliyelalamika. Hekima yake iko wazi: mwenye kuuziwa mafuta yaliyoghushiwa hawezi kulalamika juu ya kitu asichokijua.

Katika karne ya 6 Hijria, zama za Sultan Salahuddin al-Ayyubi, Abdur-Rahman ash-Shayzari aliandika Nihayatur-Rutba fi Talabil-Hisba, kitabu cha kumwongoza muhtasib katika kila sekta ya soko. Baadaye Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 729 Hijria (1329), alitunga kitabu chake juu ya mada hiyo hiyo. Na huko Andalus, as-Saqati wa Malaga aliandika kutokana na yale aliyoyaona mwenyewe katika kusimamia soko.

Vitabu hivi havikuishia kwenye mawaidha. Vilifundisha vipimo. Tunaelezwa humo kuwa maziwa hujaribiwa kwa kuchovya unywele: ukitoka bila ya kushikwa na maziwa, basi yametiwa maji. Ama mafuta ya zeituni, baadhi ya wauzaji walikuwa wakiyachanganya na mafuta ya mbegu za qurtum, mmea ambao maua yake hutoa rangi ya manjano. Dawa yake ilikuwa moto: mafuta hayo yakiwekwa motoni hutoa moshi mwingi unaokaba pumzi. Moshi ule ndio uliokuwa shahidi wa muhtasib.

Ash-Shayzari alikuwa na tahadhari nyingine inayofaa kukumbukwa. Alipofika kwenye milango ya dawa na manukato, alijizuia kuzitaja hila nyingi zilizofichikana, kwa kuchelea kwamba mtu asiye na dini angezisoma akajifunza kughushi. Alijua kuwa elimu ya kufichua na elimu ya kuficha zinakaa nyumba moja.

Mizani ya Hekima

Moshi na unywele vilisaidia, lakini vilitegemea uzoefu wa mtu. Wanachuoni wengine walitafuta kipimo chenye tarakimu. Mwaka 515 Hijria (1121), katika mji wa Marw, al-Khazini aliandika Kitabu Mizanil-Hikma na kumtunukia Sultan Sanjar. Mizani yake ilijengwa juu ya kazi za waliomtangulia, akiwemo al-Biruni, na ilikusudiwa kutofautisha dhahabu safi na iliyochanganywa na fedha, bila ya kuiyeyusha. Ilifanya hivyo kwa kulinganisha uzito wa kitu hewani na uzito wake ndani ya maji.

Al-Khazini hakuishia kwenye madini. Aliweka pia jedwali la vimiminika, na ndani yake yamo mafuta ya zeituni na mafuta ya ufuta, kila moja na uzito wake kulingana na maji. Hapa kitu kisemewe kwa namba. Hata hivyo, mizani ina mpaka wake. Uzito wa mafuta ya zeituni na wa mafuta mengine ya mbegu umekaribiana mno, kiasi kwamba mjanja anaweza kuyachanganya na mizani isione tofauti ya maana. Ilihitajika njia ya kuyahoji mafuta yenyewe, yameumbwa na nini.

Miale iliyo ng'ambo ya wekundu

Njia hiyo ilianzia mbali na soko la mafuta. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, aliyekuwa akiishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua ndani ya kioo cha pembe tatu ukagawanyika rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka ng'ambo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kipimajoto kikapanda zaidi. Basi akajua kuwa iko miale isiyoonekana. Ndiyo hii iitwayo infraredi, yaani iliyo chini ya wekundu. Katika miaka ya 1940 mashine za kupimia vitu kwa miale hii zilianza kuuzwa kwa maabara, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikatoka mashine zenye kutumia kompyuta na hesabu za Mfaransa Fourier, ambazo ndizo zimeenea leo.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kuifahamu. Kila kitu kimeundwa kwa molekuli, na molekuli ni chembe zilizoshikamana kwa viungo. Viungo hivi havitulii. Hutikisika daima, kila kimoja kwa mwendo wake. Mwale wa infraredi ukipita, kila kiungo hunyonya sehemu ya mwale inayolingana na mtikisiko wake na kuiacha iliyobaki. Mashine huchora mstari wenye mabonde na vilima kuonyesha kilichonyonywa. Mchoro huo ni kama alama ya kidole.

Mafuta yote ya kula, ya mimea na ya wanyama, yana kiungo kimoja kinachoonekana wazi mahali ambapo mawimbi 1745 hivi huingia katika sentimita moja. Mafuta ya mashine yatokanayo na petroli hayana kiungo hicho. Karibu na 3006 kuna kilima kidogo kinachobadilika kwa kadiri mafuta yalivyo na viungo visivyoshiba, na hicho husaidia kutenganisha alizeti na zeituni, au mafuta ya mnyama mmoja na ya mwingine. Mtaalamu huweka tone moja juu ya kipande cha almasi au fuwele nyingine, na baada ya dakika chache huulinganisha mchoro na michoro ya mafuta yanayojulikana kuwa ni safi.

Kwa Waislamu, faida iliyo karibu zaidi ni kufichua mafuta ya nguruwe. Mwaka 2001, Profesa Yaakob Che Man na mwenzake wa Malaysia walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa njia hii inaweza kuyatambua mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na ya kuku, kondoo au ng'ombe. Watafiti wa Malaysia na Indonesia wameiendeleza kazi hiyo katika vyakula vingi tangu wakati huo.

Meknes 1959: chombo kipo, muhtasib hayupo

Ndugu msomaji, yaliyotangulia yanaweza kumfanya mtu adhani kuwa tatizo limekwisha. Historia inasema vingine.

Mwaka 1959 katika mji wa Meknes, Morocco, watu walianza kupooza miguu na mikono. Idadi yao ilifika kiasi cha 10,000. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kuwa wote walikula mafuta ya kupikia ya bei rahisi. Mafuta hayo yalichanganywa na mafuta ya kulainisha injini za ndege, yaliyouzwa kama mali chakavu kutoka kambi ya jeshi la Marekani nchini humo. Ndani yake mlikuwa na sumu inayoharibu mishipa ya fahamu. Sumu hiyo haimwangushi mtu palepale. Hupita siku nyingi, hata wiki mbili, kabla ya miguu kulegea, na katika muda huo familia inaendelea kupikia chupa ile ile. Waliodhurika zaidi ni masikini, kwa sababu wao ndio waliofuata bei nafuu. Wengi hawakurudi tena katika afya zao.

Hapa tusimame tuzingatie. Mwaka huo mashine za infraredi zilikuwa zimeshauzwa kwa zaidi ya miaka 10, na moto wa ash-Shayzari ulikuwa na karne nane. Kilichokosekana si elimu. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama baina ya ghala na sufuria, mwenye mamlaka ya kusema: mafuta haya hayauzwi mpaka yapimwe. Wafanyabiashara waliohusika walifikishwa mahakamani, lakini adhabu haikumrudishia mtu mguu wake. Hii ndiyo tofauti ya kadhi na muhtasib tuliyoitaja: mmoja anakuja baada ya madhara, mwingine anatakiwa awahi kabla.

Miaka 22 baadaye, Mei 1981, msiba mwingine uliipata Hispania. Mafuta ya mbegu za rapa yaliyoingizwa nchini kwa matumizi ya viwandani, na kutiwa kemikali iitwayo anilini ili yasiliwe, yalisafishwa kwa hila na kuuzwa na wachuuzi kwa jina la mafuta ya zeituni, katika madumu yasiyo na lebo. Watu wapatao 20,000 waliugua na mamia walifariki. Maabara za nchi mbalimbali zilifanya kazi kwa miaka mingi, lakini sumu halisi iliyoua haikuthibitishwa kwa yakini. Hapa tunajifunza mpaka mwingine: mashine hulinganisha na kile inachokijua. Mjanja akileta kitu kisichokuwemo katika hazina yake ya michoro, inaweza kusema kuwa mafuta si ya kawaida bila ya kujua yana nini.

Mashine mbele ya sharia

Sasa tuje kwenye swali la fiqhi: je, mchoro wa mashine ni ushahidi?

Wanachuoni wanasema kuwa kauli ya wajuzi wa fani huzingatiwa katika mambo ya fani yao, kama tabibu katika maradhi na mjuzi wa bidhaa katika aibu za bidhaa. Wametofautiana iwapo anatosha mmoja mwaminifu au wanahitajika wawili, kwa kuangalia kama kauli hiyo ni habari au ni ushahidi. Imam Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) katika at-Turuq al-Hukmiyya ameeleza kuwa bayyina ni kila kinachoidhihirisha haki, si mashahidi tu. Miongoni mwa dalili zinazotajwa ni kanzu ya Nabii Yusuf (a.s.) iliyochanika kwa nyuma. Pia jamhuri ya wanachuoni wamekubali kauli ya mtambuzi wa nasaba kwa kuangalia nyayo, kutokana na hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kuhusu Zaid na mwanawe Usama, ingawa Mahanafi hawakuikubali. Kwa msingi huo, matokeo ya mashine yakisomwa na mtaalamu mwaminifu ni qarina yenye nguvu. Inatosha kuzuia bidhaa na kumpa mnunuzi hiyari ya kurudisha mali kwa sababu ya aibu. Ama kumwadhibu muuzaji kunahitaji zaidi, kwani huenda na yeye alighushiwa na aliyemuuzia.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mashine hizi mara nyingi haziioni ghushi iliyo chini ya asilimia chache. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, kimiminika kisichokuwa maji hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata ikiwa kidogo. Wapo wanachuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, walioona kuwa mafuta ambayo hayakubadilika hayanajisiki, na ikhtilafu hii mashuhuri inarejea kwenye hadithi ya panya aliyeanguka katika samli. Je, kwa anayefuata kauli ya Mashafi, mashine ikisema hakuna mafuta ya nguruwe, ndiyo yakini ya tohara? Jibu ni kuwa yakini hiyo haitokani na mashine. Inatokana na asili: vitu ni tohara mpaka ithibiti kinyume, na yakini haiondolewi na shaka. Mashine inaweza kutuondoa kwenye asili hiyo ikileta dalili ya wazi. Ikinyamaza, tunabaki pale tulipokuwa.

Swali la tatu: mafuta yaliyothibiti kuwa yameghushiwa yafanywe nini? Imepokewa kwa Imam Malik kuwa alipoulizwa juu ya maziwa yaliyoghushiwa hakupenda yamwagwe, bali aliona yatolewe sadaka kwa masikini. Mwenye kughushi anakosa faida na chakula hakipotei. Ni rai yenye hekima, lakini sharti lake linaeleweka: ni kwa kitu kinacholika. Zeituni iliyochanganywa na alizeti inaweza kwenda kwa masikini baada ya kubainishwa. Mafuta ya Meknes yasingefaa kupewa yeyote, kwani kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana ingeyazuia. Na kabla ya kuamua ni yapi kati ya hayo mawili, lazima mtu ajue ndani ya dumu mna nini. Hapo kipimo kinakuwa sehemu ya hukumu.

Wajibu wetu

Katika miji yetu, mafuta mengi bado hununuliwa kwa kupimiwa dukani, kutoka kwenye pipa au dumu ambalo mnunuzi hakuliona likifunguliwa. Masikini wa Meknes na wa Hispania walikuwa wanunuzi wa namna hii. Hatusemi kuwa wauzaji wetu ni waongo. Kudhania vibaya ni haramu, na Suratul-Hujurat imetukataza dhana na kupelelezana. Lakini kukagua bidhaa iliyowekwa sokoni si upelelezi. Aliyeitoa bidhaa yake kwa watu ameiweka wazi ipimwe, kama lile lundo la nafaka.

Kwa hiyo maimamu wetu wawakumbushe wafanyabiashara kuwa faida ya mafuta yaliyoghushiwa ni chumo la haramu, na kwamba kubainisha aibu ya bidhaa ni katika baraka ya biashara. Pia wawakumbushe waumini kuwa kuwataka wenye mamlaka wapime vyakula mara kwa mara, na kabla ya maafa, ni kuamrishana mema na wala si fujo. Wanafunzi wetu wa sayansi wajue kuwa mwenye kusoma kemia kwa nia ya kulinda chakula cha watu anaziba pengo la faradhi ya kifaya. Na sote tujizuie kusambaza uvumi kuwa mafuta ya fulani yana nguruwe bila ya kipimo, kwani hiyo nayo ni dhulma kwa muuzaji mwaminifu.

Unywele, moshi, mizani na miale vimepishana kwa karne nyingi, lakini kazi yake ni moja: kuileta juu ile sehemu ya lundo iliyofichwa chini. Anayeogopa Mola wake huiweka juu mwenyewe. Asiyeogopa, umma una wajibu wa kumweka mtu atakayeingiza mkono.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aziruzuku familia zetu chakula cha halali kilicho kizuri, awaongoze wafanyabiashara wetu katika ukweli, na awape wenye mamlaka uangalifu katika amana waliyobebeshwa. Wallahu aalam.